YAI VIZA ANGANI: NANI ALIKWENDA KUNUSA?



Jioni moja darasani tulisema kwamba kati ya nyota na nyota imo ile gesi inayonuka katika yai viza. Mzee mmoja akauliza: "Haya, mwalimu, nani alikwenda kunusa?" Darasa zima likacheka. Lakini swali lake ni la haki. Mtu asikubali jambo kwa sababu tu limeandikwa.

Hakuna aliyekwenda. Gesi hiyo ilisikika kwa redio.

Wenye mikorosho wanaijua salfa, ule unga wa manjano wa kuzuia ubwiriunga. Chembe moja ya salfa ikishikana na chembe mbili za haidrojeni, ndiyo gesi ya yai viza. Kifungu kidogo kama hicho huitwa molekuli. Molekuli huzunguka kama pia, na ikipunguza mwendo hutoa mawimbi ya redio. Sasa sikilizeni: kila aina ya molekuli ina mahali pake, kama kila stesheni ilivyo na mahali pake redioni. Ya yai viza iko kwenye megahezi 168,763.

Namba hiyo imejulikanaje? Wataalamu waliifungia gesi ndani ya chombo, hapa hapa duniani, wakaipima. Ndipo wakatega sikio angani. Sikio lenyewe lilikuwa bakuli la chuma lenye upana wa mita 11, juu ya mlima Kitt Peak, Arizona, Marekani. Mwaka 1971 Arno Penzias na wenzake walisikia salfa iliyoshikana na kaboni. Hiyo ndiyo molekuli ya kwanza yenye salfa kupatikana kati ya nyota. Mwaka 1972 Patrick Thaddeus na wenzake wakaipata ya yai viza.

Usiku wa Januari tazameni nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja. Jirani nazo liko wingu mojawapo lililosikika. Mawimbi yake hukimbia kilometa 300,000 kila sekunde, na bado hutumia miaka kama 1,300 kutufikia.

Lakini hesabu haijatimia. Katika mawingu mazito salfa inayosikika ni kidogo mno kuliko ile inayotazamiwa. Nasi yatuhusu, maana salfa imo katika nywele na kucha zetu, na zamani sana ilipita katika wingu la namna hiyo. Iliyobaki iko wapi? Wataalamu wengi wanadhani imeganda pamoja na barafu juu ya vumbi la angani. Na molekuli iliyoganda haizunguki, basi redioni haisikiki.