Kuruka Bila Mabawa: Ndoto, Roho au Sayansi?

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Muhula uliopita kulizuka ubishi mkali bwenini kwetu kuhusu mambo matatu ambayo watu huyachanganya kama mahindi na maharagwe katika githeri: ndoto za kuruka, kuhisi umetoka nje ya mwili, na mashine za kufuta uzito. Mmoja alisema ati ukiota unaruka, roho yako imetoka kutembea. Mwingine akaapa kwamba Wamarekani wanayo mashine ya kufuta uzito ila wanaificha. Niliingia maktabani, nikamsumbua na mwalimu wetu wa fizikia kwa maswali, na haya ndiyo niliyovuna. Sikusudii kumcheka mtu. Ubishi huo ulimwumiza mwenzetu mmoja, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

1. Ndoto ya kuruka

Mimi mwenyewe huota naruka. Hupiga mikono kama kunguru, nikapita juu ya paa la bwalo, na walioko chini hawanioni. Je, kuna kitu kinachotoka kitandani?

Mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kipindi cha usingizi ambapo macho huchezacheza upesi chini ya kope. Kipindi hiki hurudi kila baada ya dakika 90 hivi, nacho ndicho chenye ndoto za wazi zaidi. Ubongo huwa unafanya kazi karibu kama wa mtu aliye macho, lakini misuli mingi ya mwili imelegezwa kabisa. Hiyo ni hekima ya maumbile, jamani! Bila hivyo, anayelala kitanda cha juu angeruka kikwelikweli na kuvunjika mguu. Basi ubongo unatunga safari, na miguu haina habari.

Mara nyingine, hata hivyo, mtu huamka kabla misuli haijafunguliwa. Macho yanaona bweni, masikio yanasikia, lakini mkono haunyanyuki wala sauti haitoki. Kifua huwa kizito, na mabaki ya ndoto huonekana kama kiumbe kilichomkalia. Wazee wetu waliliita jambo hili jinamizi. Humpata zaidi mtu aliyekosa usingizi wa kutosha, au aliyelala chali.

Hilo ndilo lililompata mvulana mmoja wa kidato cha pili. Aliposimulia, wenzake wakasogeza vitanda vyao mbali, ati ana majini. Kwa muda wa wiki mbili alikula peke yake. Kumbe alikuwa akikesha na vitabu kwa ajili ya mtihani!

Msidhani hofu ya namna hii ni mchezo wa watoto. Mwaka 1995, huko Pemba na Unguja, hofu ya popobawa iliwafanya watu wengi walale nje makundi kwa makundi. Watafiti waliochunguza masimulizi hayo wameona kwamba mengi yanafanana sana na jinamizi. Katika taharuki hiyo, mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa na umati. Jinamizi halikumwua. Waliomwua ni watu.

2. Kutoka nje ya mwili

Wako watu wanaosimulia kwamba walielea juu ya kitanda na kujiona wamelala chini, hasa wagonjwa mahututi. Je, wanadanganya? La hasha.

Mwaka 2002, daktari Olaf Blanke na wenzake walichapisha habari za mgonjwa wa kifafa waliyemhudumia huko Geneva, Uswisi. Walipokuwa wakitafuta chanzo cha kifafa chake, walipitisha umeme kidogo katika sehemu fulani ya upande wa kulia wa ubongo. Mara yule mama akasema anaelea karibu na dari, anajiona kitandani. Umeme ulipokoma, naye alirudi. Inaelekea sehemu hiyo husaidia kuunganisha habari za macho, za ngozi na za usawa wa mwili, ili tujue tupo wapi. Habari hizo zisipopatana, mtu hujiona yupo pasipo yeye.

Lakini je, kama roho hutoka kweli? Sam Parnia na wenzake walibuni mtihani mzuri. Katika hospitali kadhaa waliweka picha juu ya rafu zilizo karibu na dari, zikielekea juu, hivi kwamba ni anayeelea tu angeziona. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Hakuna mgonjwa hata mmoja aliyezitaja picha hizo.

3. Mashine za kufuta uzito

Roger Babson alikuwa tajiri wa Marekani. Dada yake alikufa maji, naye akaulaumu mvutano wa dunia kwa kumvuta chini. Mwaka 1948 alianzisha wakfu wa utafiti wa mvutano, akitumaini utapatikana ukuta wa kuuzuia. Wakfu huo ulitoa zawadi kwa insha bora. Ajabu ni kwamba mshindi wa mwaka 1953, Bryce DeWitt, aliandika wazi kwamba kuusaka ukuta huo ni kupoteza wakati!

Mwaka 1992, Eugene Podkletnov, akiwa Finland, alidai kuwa vitu vilivyowekwa juu ya kisahani maalumu cha kauri kilichopoozwa mno vilipungua uzito kwa kati ya asilimia 0.05 na 0.3. Wengine wakajaribu. Mwaka 2003 George Hathaway na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lao: uzito haukupungua. Na mwaka 2023, wanasayansi wa CERN karibu na Geneva walitangaza kwamba hata antihidrojeni, ambayo ni kinyume cha hidrojeni ya kawaida, huanguka chini kama embe.

Je, binadamu ashindwe kuruka? Hapana. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kwa roketi kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Roketi ile haikufuta uzito. Ilisukuma kwa nguvu kuushinda uzito. Isitoshe, karibu na ikweta dunia inapozunguka hukipa chombo mwendo wa kilomita 1,670 hivi kwa saa, bure!

Tamati

Fundisho langu ni moja. Kuhisi ni jambo la kweli, lakini kuhisi si ushahidi. Aliyeelea alihisi kuelea, nasi hatuna ruhusa ya kumwita mwongo. Ila akitaka tuamini kwamba aliruka, na aitaje picha iliyo rafuni. Mwenye mashine, na ailete mizanini. Na yule anayepigwa na jinamizi hahitaji kutengwa. Anahitaji mwenzake ampigie jina kwa upole, amguse bega, kisha amshauri alale mapema.

Zoezi

(a) Taja tofauti mbili kati ya ndoto ya kuruka na jinamizi.
(b) Kwa nini picha za rafuni zilielekezwa juu?
(c) Mwenzako wa bweni anasema usiku alikaliwa kifuani na kitu. Mwandikie barua fupi ya kumfariji.

Majibu ya swali la mwisho ndiyo nitakayofurahi zaidi kuyasoma. Wasalaam.