Bi Amra, kadhi wa Madina na mkono wa mwizi: Nafasi ya elimu ya mwanamke katika kutoa haki

KATIKA zama za Tabiina, kizazi kilichofuata baada ya Masahaba, mji wa Madina ulikuwa na kadhi aliyeitwa Abu Bakr bin Muhammad bin Amr bin Hazm. Hakuwa mtu mdogo kielimu wala kicheo. Alikuwa mjukuu wa Sahaba, mwanachuoni anayetegemewa, na alifikia hata kuwa gavana wa mji huo wa Mtume (SAW).

Siku moja alikamatwa mtu mmoja Mnabati aliyeiba pete za chuma. Kadhi akaamuru awekwe kizuizini ili akatwe mkono. Kwa mtazamo wa haraka, hukumu ilikuwa wazi: wizi umethibiti, na adhabu ya mwizi imetajwa ndani ya Qur'an.

Habari zikamfikia bibi mmoja wa pale Madina, Amra bint Abdurrahman. Akamtuma mjakazi wake aliyekuwa amemwacha huru, aitwaye Umayya, aende kwa kadhi. Umayya alimkuta kadhi amezungukwa na watu. Hakungoja watu watawanyike. Alimfikishia ujumbe wa mama yake mdogo Amra, ambaye alimwita kadhi mwana wa dada yake, akimuuliza kama ni kweli amemkamata mtu kwa kitu kidogo na anakusudia kumkata mkono. Kadhi akakiri. Ndipo akaambiwa kuwa Amra anasema mkono haukatwi ila kwa kitu chenye thamani ya robo dinari na kuendelea.

Kadhi akamwachia yule Mnabati.

Kisa hiki kimo katika Muwatta ya Imam Malik, na aliyekisimulia ni kadhi mwenyewe. Hakukificha kisa ambacho yeye ndiye aliyekosolewa, tena mbele za watu, tena na mwanamke, tena kwa kinywa cha mjakazi. Alikipokeza ili watu waijue sheria.

Ndugu msomaji, leo tunapobishana kuhusu mwanamke na kiti cha hukumu, mara nyingi tunaanzia mwisho. Tunauliza: je, anaweza kuwa kadhi? Kisha kila mmoja anachukua upande wake na mjadala unaishia hapo. Kisa cha Bi Amra kinatutaka tuanzie mwanzo, tuulize kwanza haki inapatikanaje, na elimu ya nani inahitajika ili ipatikane.

Alichokifanya Bi Amra

Tukizingatie kisa kwa makini. Bi Amra hakuipinga sheria ya kukata mkono, wala hakumwombea mwizi huruma. Alisimama ndani ya sheria ile ile na akasema kuwa ina kiwango, na kwamba jambo lililo mbele ya kadhi halijafika kwenye kiwango hicho. Robo dinari ni kama gramu moja tu ya dhahabu na kidogo juu yake, lakini gramu ile ndiyo iliyokuwa inautenganisha mkono wa mtu na kisu.

Alitoa wapi dalili hiyo? Amra alilelewa katika nyumba ya Bi Aisha (RA), na yeye ni miongoni mwa wapokezi mashuhuri wa hadithi ya robo dinari kutoka kwa Mama wa Waumini. Khalifa Umar bin Abdulaziz alipohofia kwamba elimu itapotea kwa kufa wanazuoni, alimwandikia huyu huyu Abu Bakr bin Hazm aziandike hadithi, na katika alizomtajia ni hadithi za Amra. Kwa hiyo kadhi aliujua vizuri uzito wa aliyemtumia ujumbe. Hakurudi nyuma kwa sababu ya udugu, alirudi nyuma kwa sababu ya dalili.

Somo la kwanza basi ni hili: kadhi si maasumu, na kurekebishwa kwa hoja hakumshushi hadhi. Anayeshuka hadhi ni yule anayejua kuwa amekosea kisha akaipitisha hukumu ili asionekane amekosea.

Fatima bint Qais: shauri lililogawa madhehebu

Mfano wa pili una uzito zaidi, kwa sababu athari yake iko kwenye ndoa zetu mpaka leo.

Sahaba Fatima bint Qais (RA) aliachwa na mumewe talaka ya mwisho, yaani ya tatu, mume akiwa safarini. Wakili wa mume akampelekea shayiri, naye hakuridhika nayo. Akaenda kwa Mtume (SAW), naye akamweleza kwamba hana haki ya matumizi kwa mume yule, na akamwelekeza akakae eda kwa Ibn Umm Maktum, kipofu.

Baadaye Fatima aliposimulia tukio hili, Sayyidna Umar (RA) hakulichukua. Aliona kuwa hawezi kuacha kilichomo katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu kwa kauli ya mtu mmoja ambaye huenda amehifadhi au amesahau. Bi Aisha naye hakukubali lifanywe kanuni ya jumla. Alieleza kwamba Fatima alikuwa akikaa mahali pa upweke, akahofiwa, na kwa hiyo Mtume (SAW) akamruhusu kuhama. Kwa maneno mengine, Bi Aisha alisema hukumu ile ilikuwa na sababu yake maalumu, na sababu isipokuwepo hukumu haihami kwenda kwa mwingine.

Fatima hakunyamaza. Marwan, aliyekuwa mtawala, alipomtumia mtu kumuuliza kisha akaitia shaka habari yake kwa kuwa imetoka kwa mwanamke, aliwataka wakutane kwenye Qur'an. Akaitaja aya ya kwanza ya Suratut Talaq, inayokataza wanawake kutolewa majumbani mwao na kutaja kuwa huenda Mwenyezi Mungu akaleta jambo jipya baada ya hapo. Fatima akahoji: jambo jipya ni kurejeana. Baada ya talaka ya tatu kuna jambo gani tena litakalozuka? Basi aya hiyo, kwa hoja yake, inamhusu mwenye talaka rejea.

Tazama kiwango cha hoja hizi. Mmoja anauliza kama tukio maalumu linaweza kuwa kanuni ya wote. Mwingine anauliza sababu iliyomo ndani ya aya yenyewe inamgusa nani. Haya ndiyo maswali ambayo wanafalsafa wa sheria duniani wameandikia vitabu vinene. Kwa Waislamu yaliulizwa katika karne ya kwanza, na walioyauliza walikuwamo wanawake.

Matokeo yake? Mahanafi wamempa aliyeachwa talaka tatu makazi na matumizi katika eda. Mahanbali wamemfuata Fatima, hawampi chochote kati ya hivyo akiwa hana mimba. Mashafii na Mamaliki wamempa makazi bila ya matumizi, isipokuwa akiwa na mimba. Kwa hiyo hapa kwetu Pwani, kadhi anayefuata madhehebu ya Imam Shafii anapomwamulia mwanamke wa talaka tatu abaki nyumbani mpaka eda iishe, lakini bila posho, anatembea katikati ya hoja za wanawake wawili, atambue asitambue.

Fatwa zenye sahihi tatu

Mtu anaweza kusema: hao walikuwa Masahaba na wanafunzi wao. Haya, tuje karne ya sita Hijria. Mwanachuoni wa Kihanafi Alauddin Samarqandi, mwandishi wa Tuhfatul Fuqahaa, alikuwa na binti aliyeitwa Fatima, aliyekihifadhi kitabu cha baba yake. Mwanafunzi wa baba, Alauddin Kasani, akakiandikia kitabu hicho sherehe iitwayo Badaius Sanai, na sherehe hiyo ikawa ndiyo mahari ya Fatima. Wanahistoria wameandika kuwa fatwa zilikuwa zikitoka katika nyumba ile zikiwa na sahihi ya Fatima na ya baba yake, na baada ya kuolewa zikawa na sahihi tatu: yake, ya baba na ya mume. Na mume alipoteleza katika mas-ala, mke alimrudisha kwenye usahihi naye akarudi. Kasani alifariki mwaka 1191 Miladia mjini Aleppo, na kitabu chake kingali marejeo makubwa ya Kihanafi.

Wala hili si la Mahanafi peke yao. Imam Nawawi, nguzo ya madhehebu ya Shafii, ameeleza katika utangulizi wa Majmuu kuwa kutoa fatwa hakumhitaji mtu awe mwanamume. Mwanamke mwenye sifa za kielimu anafutu kama mwanamume.

Ikhtilafu ya kiti chenyewe

Sasa tuje kwenye ukadhi, na tuseme kweli bila ya kupendelea. Wanazuoni wengi, wakiwemo Mashafii, Mamaliki na Mahanbali, hawakumruhusu mwanamke kuwa kadhi. Wameuhesabu ukadhi kuwa ni utawala, na wametegemea hadithi ya Abu Bakra iliyomo katika Bukhari kuhusu Wafursi waliomtawalisha binti wa mfalme wao. Mahanafi wameikubali hukumu ya mwanamke katika mambo ambayo ushahidi wake unakubalika, yaani yasiyokuwa hudud na kisasi. Ibn Hazm amejuzisha, akiifasiri hadithi ile kuwa inahusu ukhalifa. Ibn Jarir Tabari amenukuliwa kujuzisha kwa jumla, kwa kulinganisha na fatwa, ingawa Ibnul Arabi wa Kimaliki ameukana usahihi wa nukuu hiyo.

Hiyo ndiyo ikhtilafu ilivyo. Si haki kumwita anayekataa kuwa ni adui wa wanawake, maana yuko pamoja na maimamu wakubwa. Na si haki kumwita anayejuzisha kuwa kibaraka wa Magharibi, maana yuko pamoja na Abu Hanifa.

Ndivyo alivyofanya Kholoud al-Faqih, mwanasheria wa Palestina. Mahakama za sharia za huko zinafuata madhehebu ya Hanafi, naye alimwendea kadhi mkuu akiwa na hoja za madhehebu hayo, kisha akaingia kwenye mtihani pamoja na wanaume. Mwaka 2009 yeye na mwenzake Asmahan al-Wuheidi wakateuliwa kuwa makadhi. Malaysia ilifuata mwaka 2010 kwa kuteua majaji wawili wanawake wa mahakama za sharia. Indonesia imekuwa nao kwa miongo mingi. Kwa jirani zetu Kenya, ibara ya 170 ya Katiba ya mwaka 2010 inataka kadhi awe Mwislamu mwenye elimu ya sharia, na haikutaja jinsia.

Na sisi je?

Tuseme kuwa hatutaki kutoka katika kauli ya jamhuri. Ni sawa. Lakini je, kauli hiyo imekataza mwanamke asijue mlango wa talaka? Imekataza asisikilizwe na kadhi anapoleta dalili? Bi Amra hakukaa kwenye kiti, na bado aliuokoa mkono wa mtu.

Mtafiti wa Kimarekani Susan Hirsch alikaa katika mahakama za kadhi za Pwani ya Kenya, na mwaka 1998 alichapisha kitabu chake. Alikuta kuwa wengi wa wanaofungua mashauri ni wanawake. Alikuta pia kuwa mwanamke wa Pwani hufundishwa kuvumilia na kutotoa siri ya nyumba, kisha siku moja hulazimika kusimama na kusimulia mambo hayo hayo mbele ya wanaume asiowajua. Kabla hajaeleza dhulma aliyotendewa, tayari anaona haya.

Ibnul Qayyim amefundisha kuwa mwenye kuhukumu anahitaji fahamu mbili: kulifahamu tukio lilivyo, na kuifahamu hukumu ya Mwenyezi Mungu kuhusu tukio hilo. Fahamu ya pili ipo vitabuni. Ya kwanza ipo kwenye kinywa cha mwenye shauri. Kinywa kikifungwa na haya, kadhi atahukumu kwa nusu ya tukio, hata kama amehifadhi vitabu vyote. Mafakihi waliliona hili tangu zamani, ndiyo maana katika mambo kama uzazi na aibu za mwili wa mwanamke waliupokea ushahidi wa wanawake peke yao.

Hapa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro wa ndoa upelekwe kwenye baraza la usuluhishi kabla ya kwenda mahakamani, na Waislamu tunayo mabaraza yetu. Je, katika baraza la eneo lako yumo mwanamke mwenye elimu ya fiqhi anayeweza kumsikiliza dada yake faragha, kisha akakaa na masheikh wakapima dalili? Hilo si ukadhi wala halina ikhtilafu. Linahitaji utashi tu.

Na utashi huo uanzie madrasa. Mabinti zetu wanasoma tajwidi, wanashinda mashindano ya kuhifadhi Qur'an, tunawapa zawadi na tunapiga takbiri. Kisha wanaolewa bila kujua tofauti ya talaka rejea na talaka bain, wala khului ni nini, wala sehemu yao ya mirathi inahesabiwaje. Siku ya shida inapofika wanategemea huruma ya mtu, na haki ya sharia haikuwekwa ili iombwe kama sadaka.

Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa, aya ya 135, amewaamuru waumini wote wausimamishe uadilifu, hata kama ni dhidi ya nafsi zao, wazazi wao na jamaa zao. Amri hiyo haikumvua mwanamke. Bi Amra aliitekeleza dhidi ya mwana wa dada yake, naye akaipokea.

Jioni ya leo muulize binti yako, au dada yako, anachokijua kuhusu eda yake. Akikosa jibu, mtafutie mwalimu kabla hajamhitaji kadhi.

Wabillahi tawfiq.