Tuchunge karatasi zetu: sanduku la diski nyumbani na katika biro ndogo

Ndugu mfanyakazi, kila asubuhi unavaa kaski na viatu vya kazi, unafunika pua na mdomo sababu ya vumbi. Vizuri. Lakini hati ya kazi yako ya kwanza iko wapi? Foto ya mapafu uliyopigwa siku za kuingia kazini iko wapi? Na karatasi ya ajali ile iliyokuumiza mkono?

Tunauliza kwa sababu magonjwa ya kazi yetu hayana haraka. Silikozi, ule ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la mawe, mara nyingi huonekana baada ya miaka 10, 20 na zaidi, pengine mtu amekwisha kuingia pansioni. Siku ile munganga na watu wa CNSS watakuuliza: ulitumika wapi, miaka mingapi, katika vumbi gani? Asiye na karatasi atajibu kwa mdomo, na mdomo hauna muhuri.

Wengi wetu tunapiga karatasi foto na kuziacha katika telefone. Telefone inaibiwa, inaanguka ndani ya maji, na karatasi zimekwenda nayo. Kwa hiyo leo tujifunze juu ya sanduku la diski la rezo, ambalo madukani linaitwa kwa herufi tatu: NAS. Ni sanduku dogo lenye diski moja, mbili au zaidi. Unalifunga kwa kamba kwenye rutere ya nyumba, na ordinatere zote pamoja na telefone zote za pale zinaweza kuweka vitu ndani yake na kuvitoa. Linafaa jamaa, linafaa biro ya watu watano, linafaa dispanseri. Kwa kazi ya kila siku intaneti hailazimiki, rezo ya ndani inatosha.

Nunua sanduku la diski mbili. Siku ya kuliwasha mara ya kwanza litakuuliza namna ya kuzipanga. Chagua mpango wa kioo, unaoitwa RAID 1: kila kitu kinaandikwa pande zote mbili. Jina hilo la RAID walilitoa Patterson, Gibson na Katz, wa chuo kikuu cha California kule Berkeley, mwaka 1987. Ukitia diski 2 za terabaiti 4 utapata nafasi ya terabaiti 4, si 8, muuzaji asikudanganye. Nayo si kidogo: ukurasa mmoja ukipigwa foto kwa megabaiti 1, terabaiti moja inabeba kurasa milioni moja. Diski moja ikifa, nyingine inaendelea na kazi. Unanunua mpya, unaitia pahali pa ile iliyokufa, sanduku linaijaza lenyewe.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu wanapoanguka. Kioo si kopi! Mtoto akifuta foto upande mmoja, imefutika na upande wa pili dakika ile ile. Mwizi akibeba sanduku, amebeba diski zote mbili. Nyumba ikiungua, zimeungua zote. Kwa hiyo ununue pia diski ya nje, ile ya kufunga kwa kamba ya USB. Kila juma uifunge, unakili vitu vyote, kiisha uichomoe na kuipeleka nyumba nyingine: kwa kaka yako, kwa shemeji, mtaa mwingine. Hesabu yenyewe ni hii: kopi 3, juu ya vyombo 2, na 1 ilale nje ya nyumba. Kama pesa inatosha kwa kitu kimoja tu kati ya diski ya pili ya kioo na diski ya nje, sisi tunasema: nunua ya nje.

Huku kwetu adui wa kwanza wa diski si mwizi, ni umeme. Ukikatika wakati diski inaandika, maandiko yanaweza kuharibika. Ukirudi kwa nguvu, mashini yenyewe inaweza kuungua. Tafuta ondulere, yaani sanduku lenye betri linalokaa katikati ya prizi na mashini. Hata ile ndogo ya VA 600 itabeba sanduku la diski na rutere kwa dakika kadhaa, na hizo zinatosha kuzima vizuri. Lakini kuna kamba moja ya USB ambayo wengi wanaiacha ndani ya karto. Inatoka kwenye ondulere na kuingia katika sanduku la diski. Bila kamba hiyo sanduku halijui kama umeme umekatika. Litaendelea mpaka betri iishe, kisha litaanguka ghafula kana kwamba hukununua kitu. Ifunge, ingia katika mipango ya sanduku, uliamuru lijizime lenyewe umeme ukikatika. Kiisha ujaribu: chomoa ondulere katika prizi na utazame.

Prizi iwe na waya wa udongo. Usifunge jiko, pasi wala friji kwenye ondulere, itazidiwa. Usiifungue kamwe, hata ikichomolewa, ndani mna umeme unaoweza kukupiga. Betri yake huishi miaka 3 mpaka 5. Ikivimba, iondoe kazini, usiitoboe, usiichome, usiitupe pahali watoto wanapocheza, kwa maana ndani yake mna risasi na asidi. Na radi ikianza kulia karibu, zima, chomoa kamba ya umeme na kamba ya rezo pia. Ondulere haitasimamisha radi.

Pahali pa kuweka: juu ya meza imara, si chini, si ndani ya kabati iliyofungwa, mbali na jiko na vumbi. Usilisukume likiwa linazunguka.

Neno la siri liwe refu, na lisiwe namba yako ya kazi. Tengeneza jina lako mwenyewe la mkubwa wa sanduku, kisha ulizime lile la kiwanda linaloitwa « admin ». Likitaka ruhusa ya kufungua mlango katika rutere ili uonekane kutoka mbali, kataa. Mwezi wa sita mwaka 2021 watu wengi wenye masanduku ya WD My Book Live walikuta kila kitu kimefutwa. Wezi walipita kwa njia ya intaneti, na mtengenezaji alikuwa ameacha kuyapa programu mpya tangu 2015. Mwezi wa kwanza 2022 programu ya wezi inayoitwa DeadBolt ilifunga vitu katika masanduku mengi ya QNAP na kudai bitcoin 0.03 kwa kila mwenye sanduku. Yaliyoshambuliwa ni yale yaliyokuwa wazi kwa intaneti. Aliyekuwa na diski ya nje iliyochomolewa hakuwa na haja ya kumlipa mtu.

Katika dispanseri au biro, kila mtu awe na jina lake na sehemu yake. Foto za mapafu na karatasi za wagonjwa azione munganga na muuguzi wake tu, si kila anayepita.

Mara moja kwa mwezi chukua ile diski ya nje, ifunge kwenye ordinatere nyingine, ufungue karatasi moja, tuseme ile ya ajali. Ikifunguka na kusomeka, vizuri. Neno la siri liandike katika karatasi, utie ndani ya bahasha, umpe bibi yako au mtoto wako mkubwa na umwonyeshe namna ya kufungua, maana pengine atakayezitafuta siku moja si wewe. Na zile karatasi zenyewe zenye muhuri usizitupe. Kuna biro ambazo hazikubali foto.