Dondoo Muhimu: Mshororo Mmoja kwa Siku

Anayetaka kuufanya ushairi kuwa sehemu ya tafakuri yake ya kila siku aanze kwa kusoma ubeti mmoja, yaani kifungu ambacho katika shairi la kimapokeo aghalabu huwa na mishororo (mistari) minne, na ausome kwa sauti, kwa kuwa mizani, ambayo ni hesabu ya silabi za kila mshororo na mara nyingi hufikia 16, hutambuliwa na sikio kabla ya jicho.

Kwa mkazi wa Morogoro wakati ufaao ni alfajiri, ukungu ungali umekifunika kilele cha Lupanga. Hapo aandike jambo moja tu aliloliona jana, tuseme tenga la kabichi za Mgeta likishushwa sokoni huku maji yakichuruzika, kisha alitungie mshororo mmoja; ukigoma, aulaze hadi kesho.

Kanuni za utunzi alizozieleza mshairi Amri Abedi mwaka 1954 katika kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi zina manufaa, ila si pingu: anayesumbuliwa na vina, yaani silabi zinazofanana katikati na mwishoni mwa mishororo, asome diwani ya Kichomi (1974) ya Euphrase Kezilahabi, iliyojaa mashairi huru, kisha ajaribu mtindo huo kwa wiki moja.