Rada ya Ndege na Dhoruba Isiyoonekana

Mwanafunzi wa Migato, mkoani Simiyu, akisimama mita 170 mbele ya jabali na kupaza sauti, mwangwi humrudia baada ya sekunde 1 hivi. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Na kwa kuwa imekwenda na kurudi, umbali wa jabali ni nusu ya njia hiyo. Kanuni hiyo ndiyo inayotumiwa na rada iliyomo puani mwa ndege, ila rada hutumia mawimbi ya redio. Makala haya yanaeleza jinsi rada hiyo inavyoonya juu ya dhoruba, na kwa nini rubani hana budi kujua yale isiyoyaona.

Haja ya rada

Ndege ziendazo Mwanza, Musoma na Bukoba hupita katika eneo lenye radi nyingi. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko ziwa. Hewa hupanda, na mawingu ya radi hukua huko alasiri. Usiku nchi hupoa, pepo huvuma kutoka kandokando kuelekea Ziwa Victoria, na hewa hupanda juu ya maji. Kwa hiyo dhoruba nyingi za ziwani hutokea usiku hadi asubuhi. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki.

Namna inavyofanya kazi

Antena bapa hugeuka kushoto na kulia ikitoa mapigo ya mawimbi yenye urefu wa sentimita 3 hivi. Mapigo yakikutana na matone ya mvua, sehemu ndogo hurudi. Mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 0.0008, mawimbi yamesafiri kilomita 240. Basi mvua iko kilomita 120 mbele.

Nguvu ya mwangwi hutegemea mno ukubwa wa matone. Kipenyo cha tone kikiongezeka mara 2, mwangwi huongezeka mara 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2, yaani mara 64. Katika kioo cha rada, mvua hafifu huonyeshwa kwa rangi ya kijani, ya wastani kwa njano, na kubwa kwa nyekundu. Rada nyingi za kisasa hupima pia mwendo wa matone, na kuonyesha msukosuko mkali kwa rangi ya zambarau.

Mipaka yake

Ikumbukwe kwamba rada huona maji, haioni upepo. Msukosuko katika hewa isiyo na mvua haurudishi mwangwi wa kutosha. Tena, barafu kavu hurudisha karibu moja ya tano tu ya mwangwi wa maji. Kilele cha wingu la radi ni barafu. Hivyo rubani aliye juu sana huinamisha antena ili aone tumbo la wingu lenye maji.

Hatari kubwa zaidi ni kivuli. Mvua kubwa humeza mawimbi, na kilicho nyuma yake huonekana cheusi, kana kwamba hakuna kitu. Tarehe 4 Aprili 1977, huko Georgia, Marekani, ndege ya Southern Airways, safari namba 242, iliingia katika dhoruba kali. Maji na mvua ya mawe vilizima injini zote mbili. Watu 72 walikufa, 9 kati yao wakiwa ardhini. Wachunguzi walieleza kwamba mvua kubwa iliweza kuificha dhoruba hiyo isionekane vema katika rada ya ndege.

Kwa sababu hiyo marubani hufundishwa kuizunguka dhoruba kali kwa umbali wa maili 20 au zaidi, wala si kutafuta upenyo katikati yake. Weusi wa kioo maana yake ni kwamba mwangwi haukurudi. Si ushahidi kwamba njia ni salama.

Mazoezi

1. Mwangwi umerudi baada ya sekunde 0.0006. Mvua iko umbali gani?
2. Kipenyo cha tone kikiongezeka mara 3, mwangwi utaongezeka mara ngapi?
3. Kwa nini eneo jeusi nyuma ya eneo jekundu lisiaminiwe?

Majibu: 1. Kilomita 90. 2. Mara 729. 3. Huenda mvua ya mbele imeyameza mawimbi.