SOMO: CHAMA NA MNUNUZI WAKE BEI INAPOGEUKA



Viongozi wa vyama vya msingi wakiulizwa wanao wanunuzi wangapi, wengi hufungua mkoba wakatoa kadi walizopewa kwenye maonyesho. Kadi si uhusiano. Aliyekupa kadi analijua jina lako tu. Hajui bado kama kahawa utakayompelekea itafanana na sampuli aliyoionja. Hayo huyajua baada ya misimu miwili mitatu, na hasa katika ule msimu ambao bei imegeuka baada ya mkataba kutiwa sahihi. Somo letu linahusu msimu huo.

Tupige hesabu. Chama kimeuza kontena moja la futi 20, magunia 320 ya kilo 60, yaani kilo 19,200 au ratili 42,300 hivi. Bei ilikubaliwa mwezi wa Septemba. Ifikapo Desemba, shehena haijaondoka, bei ya New York imepanda kwa senti 50 za Dola kwa kila ratili. Tofauti imezidi Dola 21,000. Ikiwa chama kina wanachama 300, kila mmoja anaona Dola 70 zikimpita mbele ya macho, na wachuuzi wako barabarani na fedha taslimu. Asiyeiona nguvu ya kishawishi hicho hajapata kuketi katika mkutano mkuu wa wakulima wa kahawa.

Mabadiliko ya namna hiyo yametokea kweli. Mwaka 2001 bei ya Arabika katika soko la New York ilishuka chini ya senti 50 kwa ratili. Februari 2025 ilipita Dola 4, kiasi ambacho haikuwa imekifikia kamwe. Katika mwaka wa kwanza mnunuzi ndiye aliyejaribiwa kuukimbia mkataba. Katika mwaka wa pili alijaribiwa muuzaji. Kila upande huukumbuka mwaka ambao wenziwe waliukimbia.

Iko pia kumbukumbu njema. Julai 1989 mapatano ya kimataifa yaliyogawa viwango vya kuuza kahawa yalivunjika, na bei ikaporomoka. Wakulima wa Peru, Meksiko na Kosta Rika walipeleka Uingereza kontena moja moja la kahawa kwa mkopo, walipwe baada ya kuuzwa. Kutokana na juhudi hizo kampuni ya Cafédirect iliundwa mwaka 1991, na baadaye hata kahawa ya wakulima wa KNCU, Kilimanjaro, iliuzwa kwa njia hiyo. Hakuna mkulima mwenye akili anayempa mgeni kontena zima kwa mkopo. Walikopesha kwa sababu walikwisha kufahamiana na waliowakopesha.

Basi kufahamiana huko hujengwaje? Kwanza kwa sampuli ya kweli. Wako makatibu wanaochambua punje kwa mkono ili sampuli ipendeze. Hao humdanganya muonjaji kwa majuma machache tu, mpaka gunia lifunguliwe bandarini kwake. Sampuli na itolewe katika magunia yale yale yatakayosafiri, na nyingine ibaki ofisini ikiwa na namba ya shehena.

Pili, kwa barua inayofika mapema. Mvua ikiharibu mavuno, au wanachama wakileta nusu ya kahawa iliyotazamiwa, meneja amwandikie mnunuzi siku ile ile anapojua, wala asingoje kuulizwa. Mnunuzi aliyearifiwa Oktoba aweza kutafuta kahawa kwingine. Aliyearifiwa Januari amekwisha kuwaahidi wateja wake.

Jambo la tatu ndilo zito, na ndilo linalosahauliwa. Mkataba hutiwa sahihi na watu watatu ofisini, lakini kahawa imo majumbani mwa watu 300. Ikiwa wanachama hawakusomewa masharti kabla ya msimu, hawana wanachokivunja wanapomuuzia mchuuzi. Waliofunga ahadi ni viongozi peke yao. Mkataba na usomwe mkutanoni kwa lugha ya kueleweka: kiasi, tarehe, bei, na itakuwaje bei ikipanda. Halmashauri yaweza pia kuomba mkataba ambao bei haifungwi mapema, bali hufuata soko la New York kwa nyongeza iliyokubaliwa. Hapo bei ikipanda, mkulima naye hupata katika malipo ya pili. Ikishuka, hushuka pamoja nayo, na hilo nalo lielezwe wazi.

Mnunuzi anayekiamini chama aweza hata kutanguliza fedha. Chini ya kanuni za Fairtrade, chama kinaweza kuomba kitangulizwe hadi asilimia 60 ya thamani ya mkataba. Fedha hizo zikifika kabla ya mavuno, mwanachama mwenye shida hana haja ya kuuza kahawa ingali mtini, ile biashara ya hasara ambayo ndugu zetu wa Kagera huiita butura.

Neno moja kuhusu barua: jalada la mnunuzi likae ofisini, si nyumbani kwa meneja. Meneja akihama, asihame na mnunuzi.

Kwa vikundi vya mafunzo: rudieni hesabu ya hapo juu kwa idadi ya wanachama wenu na magunia yenu ya msimu uliopita. Kisha mjadili: mchuuzi akija kesho na nyongeza hiyo, ni nani katika chama chenu angejua kwamba kahawa ile imekwisha kuahidiwa?