Plau Kuukuu kwa Shamba Dogo: Kununua na Kufufua Zana za Kilimo Loliondo

Kama una ekari moja au tatu za mahindi na maharage Wasso, Sale au Digodigo, huhitaji trekta lako mwenyewe. Unahitaji plau la maksai lililonyooka, mnyororo na nira, na fedha ikiruhusu, mashine ndogo ya kupandia ya kusukuma kwa mkono. Vyote hivi vinapatikana vikiwa vimeshatumika, na vingi vilivyotupwa nyuma ya nyumba vinaweza kurudi shambani. Tatizo ni kujua kipi kinafaa kufufuliwa na kipi kiende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Kwa nini si trekta? Kwa sababu ya spea. Trekta kuukuu likiharibika Loliondo katikati ya masika, kifaa chake kitatafutwa Arusha, na fundi wake pengine atatoka hukohuko. Siku zinapita huku udongo ukikauka. Plau likivunjika, bolti yake unaweza kuikuta duka la vifaa pale Wasso na fundi wa kuchomelea akaimaliza kazi jioni hiyohiyo. Shamba likiwa na majani mengi au halijawahi kulimwa, kodi trekta la mtu mara moja livunje udongo, kisha endelea na maksai wako.

Kabla hujatoa fedha, hakikisha unaruhusiwa kulima hapo ulipo. Wilaya ya Ngorongoro ina tarafa tatu: Ngorongoro, Sale na Loliondo. Ndani ya eneo la Hifadhi ya Ngorongoro kilimo kimepigwa marufuku, hata bustani ndogo. Nje yake, muulize mtendaji wa kijiji mipaka ya matumizi ya ardhi imepita wapi, maana kuna maeneo ya malisho na mengine yaliyotengwa kwa wanyamapori. Plau zuri kwenye ardhi isiyo yako ni kesi.

Sasa, zana zenyewe zinapatikana wapi? Anza Karatu. Wakulima wa huko wamelima kwa maksai kwa miaka mingi, na kadiri trekta za kukodi zinavyoongezeka, maplau yanabaki chini ya miti. Nenda siku ya mnada, lakini usiishie mnadani. Ulizia vijijini, maana bei ya mtu anayetaka kusafisha ua si sawa na ya mchuuzi. Kwa wauza skrapa wa Arusha pia utakuta vipande vya plau vinavyouzwa kwa kilo. Ukiona plau lenye alama ya UFI, hilo lilitengenezwa na kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China. Mengi ya aina hiyo bado yana chuma kizuri. Narok nako, upande wa Kenya, kuna zana nyingi, ila kitu kinachovuka mpaka lazima kipite forodha na kiwe na karatasi zake. Kisipopita, kinaweza kukamatwa, na bei uliyodhani ni rahisi ikawa ghali kuliko mpya.

Ukilikuta plau, usidanganywe na rangi. Rangi mpya kwenye chuma cha zamani mara nyingi inaficha ufa. Liweke juu ya sakafu ya saruji iliyo sawa. Ncha ya ulimi, kile chuma cha mbele kinachokata udongo, iguse sakafu, na kisigino cha nyuma nacho kiguse. Katikati pawe na uwazi mdogo wa kupitisha kidole chembamba. Uwazi huo ndio unaolifanya plau livutwe chini lenyewe. Kama ncha imelika hadi ikajikunja kwenda juu, plau halitazama, na mshika mikono atakuwa analikandamiza kutwa nzima. Hilo si kosa kubwa, kwani ulimi hubadilishwa. Litumie kushusha bei.

Kosa kubwa ni boriti kupinda, yaani kile chuma kirefu ambacho vyote vimefungwa juu yake. Vuta uzi kutoka mbele hadi nyuma na uangalie kwa jicho moja. Kisha gonga kwa nyundo ndogo kile kitovu ambacho ulimi na bawa la kugeuza udongo vimefungiwa. Kikiwa kizima kinalia kama kengele. Kikiwa na ufa kinatoa sauti nzito iliyokufa. Vitovu vingi ni vya chuma cha kumimina, na chuma hicho hakikubali kuchomelewa kwa urahisi. Fundi akikwambia kitashika, mwache akichomelee cha kwake. Mwisho, tikisa gurudumu la mbele. Likicheza, bushi imekwisha, na hiyo ni kazi ndogo.

Bei je? Bei hubadilika kila msimu, kwa hiyo fanya hesabu yako kwa mfano huu. Tuseme plau jipya dukani ni shilingi 250,000. La zamani unauziwa 90,000, lori linataka 20,000, ulimi mpya 25,000, bolti 6,000 na fundi 15,000. Jumla ni 156,000. Kanuni ninayoishauri ni hii: jumla ikivuka theluthi mbili za bei ya jipya, achana nalo. Hapo theluthi mbili ni kama 167,000, kwa hiyo plau hilo limepita, tena kwa kubanwa. Kuhusu usafiri, zungumza na madereva wa malori yanayopandisha bidhaa kwa njia ya Mto wa Mbu, Engaruka na Ngaresero. Plau moja juu ya mzigo wa saruji haliwasumbui, na mkielewana mapema mtapatana.

Chukua risiti au andikishaneni kwa mtendaji wa kijiji, na muuzaji aweke jina, saini na namba ya kitambulisho mbele ya mashahidi. Vyuma huibwa sana, na mtu asiyetaka kuandika jina lake ana sababu.

Kufufua kunaanza na subira. Nati zilizoshikwa na kutu usizilazimishe kwa spana kubwa, zitakatika. Zisugue kwa brashi ya waya, zimwagie dizeli au oili nyepesi, ziache zilale usiku kucha. Asubuhi zigonge taratibu pembeni, kisha jaribu kuzikaza kidogo kabla ya kuzilegeza. Zikikataa bado, fundi azipashe moto. Fungua kila kitu, piga picha kwa simu kabla ya kufungua, na badilisha bolti zote za ulimi hata kama mbili zinaonekana nzima. Bolti hizo zina kichwa cha kulala ndani ya chuma. Ukifunga za kawaida, vichwa vyake vitakamata udongo na majani.

Ulimi usipopatikana dukani, mhunzi anaweza kuufua kutokana na bapa la springi ya gari. Springi za Land Rover zilizokufa zinafaa sana. Mwambie jambo moja tu: chuma kikiwa chekundu kabisa kisizamishwe ghafla kwenye maji ya baridi. Kitakuwa kigumu, lakini kitapasuka kwenye jiwe la kwanza, na mashamba yetu hayana uhaba wa mawe. Bawa nalo lisuguliwe hadi ling'ae, kwa msasa au kwa kulima kwanza sehemu yenye mchanga. Bawa lenye kutu linabeba udongo badala ya kuugeuza.

Shambani, rekebisha kina kabla ya kuwalaumu ng'ombe. Mbele ya plau kuna chuma chenye matundu kinachoshika mnyororo. Ukipandisha mnyororo tundu la juu, plau linazama zaidi. Ukiushusha, linakwenda juujuu. Mnyororo mrefu huzamisha, mfupi huinua. Kwa mahindi, sentimita 10 hadi 15 zinatosha.

Mashine ya kupandia inataka jaribio lake. Ndani yake kuna sahani yenye matundu inayookota mbegu mojamoja, na sahani ya mahindi si ya maharage. Matundu yakilika, mbegu zitadondoka mbilimbili au zitavunjika. Jaza mbegu, inua gurudumu, lizungushe mara 10 na hesabu zilizotoka. Kama mzingo wa gurudumu ni mita 1.5, mizunguko 10 ni mita 15. Ukitaka mbegu moja kila sentimita 30, zitoke kama 50. Zikitoka 80, au ukiona zilizopasuka, usiinunue mpaka upate sahani nyingine. Kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashina, ekari inabeba karibu mahindi 18,000, kwa hiyo kosa dogo la sahani linaonekana haraka.

Kuna kitu kimoja ambacho usinunue kikiwa kimetumika kwa bei yoyote: bomba la kunyunyizia dawa. Huwezi kujua lilibeba sumu gani, na plastiki haisafishiki.

Mkiwa kikundi na bado mnataka trekta, fikeni kwa muuzaji bila kutoa taarifa ya saa na mguse injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, aliipasha ili iwake kwa urahisi mbele yenu. Moshi wa bluu usioisha maana yake inakula oili. Inueni jembe kwa haidroliki, zimeni injini na msubiri; likishuka haraka, kuna gharama. Kadi halisi muione, na umiliki ubadilishwe TRA. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kuomba halmashauri mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kuanza naye.

Kwa ushauri wa kitaalamu, kituo cha zana za kilimo CAMARTEC na shirika la viwanda vidogo SIDO wako Arusha. Lakini zana yako ipeleke kwa fundi Agosti au Septemba, wakati hana foleni. Februari kila mtu atakuwa amesimama mlangoni kwake na plau begani. Na wakati wa kulijaribu shambani, mwite afisa ugani wa kata yako aje aone kina na mistari. Kazi hiyo analipwa na serikali, si na wewe.